Kutoka Dodoma hadi Guangzhou: namna ya kupiga hesabu ya umbali na saa za safari kabla hujakata tiketi

Mama mmoja anayeuza vitenge na mashuka Soko la Majengo, hapa Dodoma, alinijia na simu mkononi. Baada ya miaka mingi ya kununua mzigo Kariakoo, ameamua mwaka huu aufuate mwenyewe China.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, huko Guangzhou ni saa ngapi?"

Nikamuuliza: mama, unataka kujua kule sasa hivi ni saa ngapi, au safari inachukua saa ngapi? Akacheka. "Kwani si kitu kimoja?"

Si kitu kimoja, na hapo ndipo wasafiri wengi wanapopotelea. Saa ya ukutani na saa unazokaa kwenye kiti ni vitu viwili, na tiketi inaviandika kana kwamba ni kimoja. Ongeza na saa zetu za Kiswahili, zinazohesabiwa tangu jua linapochomoza, basi unapata njia tatu za kusoma namba moja. Tuliketi kwenye benchi la duka lake tukapiga hesabu yote, na ndiyo ninayoiandika hapa. Mfano ni Dodoma na Guangzhou, ila utaratibu ni uleule ukienda London, Toronto au Mumbai.

Hatua ya kwanza: pata umbali wa kweli

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni tufe, ramani ni karatasi, na karatasi ikitandazwa lazima ivute sehemu fulani. Chukua tikitimaji, weka alama mbili mbali mbali, kisha kaza uzi kutoka alama moja hadi nyingine. Njia ambayo uzi uliokazwa unaifuata ndiyo njia fupi kuliko zote, na ndege hujitahidi kuifuata hiyo. Ndiyo maana ndege ya Dubai kwenda Los Angeles hupanda kaskazini hadi karibu na ncha ya dunia, wakati kwenye ramani bapa ungedhani ingekatiza Atlantiki moja kwa moja. Sisi tulio karibu na ikweta hatudanganywi sana na ramani, lakini safari ikielekea kaskazini udanganyifu unakua.

Kama una intaneti, programu ya Google Earth ina kipimo cha umbali: gusa mji wa kwanza, gusa wa pili, usome kilomita. Inatosha. Kama huna, au kama una mtoto wa kidato cha tatu nyumbani anayelalamika kwamba mada ya Dunia kama tufe haina kazi maishani, mpe kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos umwonyeshe kazi yake.

Andika latitudo na longitudo za miji yote miwili. Dodoma ni 6.17 kusini na 35.75 mashariki. Guangzhou, kwa kupima uwanja wake wa ndege wa Baiyun, ni 23.39 kaskazini na 113.30 mashariki. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo Dodoma inakuwa –6.17. Ukisahau alama hiyo utakuwa umeihamishia Dodoma Ethiopia. Tofauti ya longitudo ni 77.55.

Kisha: zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili. Weka pembeni. Zidisha cos ya latitudo ya kwanza kwa cos ya pili, halafu kwa cos ya ile tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu mawili. Kwa mfano wetu la kwanza linatoka –0.043, la pili 0.197, jumla 0.154. Bonyeza cos iliyogeuzwa upate pembe: nyuzi 81.1. Nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni karibu kilomita 111.2, kwa sababu mzunguko mzima wa kilomita 40,000 hivi umegawanywa kwa nyuzi 360. Zidisha: kilomita 9,020. (Hakikisha kikokotoo kipo kwenye nyuzi, si radiani. Kosa hilo limewahi kunigharimu mchana mzima.)

Mama alipoisikia namba hiyo akauliza ni mara ngapi ya Dodoma na Dar. Barabara ya Dar ni kilomita 450 hivi, kwa hiyo ni mara ishirini. Akanyamaza kidogo, akaagiza chai.

Hatua ya pili: hesabu njia utakayopita

Kilomita 9,020 ni za ndege inayopaa Dodoma na kutua Guangzhou bila kugusa chini, na ndege hiyo haipo. Uwanja wa sasa wa Dodoma uko katikati ya mji na unapokea ndege za safari za ndani. Uwanja wa kimataifa wa Msalato, nje kidogo ya mji upande wa kaskazini, umepangiwa barabara ya kurukia ya kilomita 3.6, urefu unaofaa ndege kubwa. Siku ndege za masafa marefu zitakapoanza kuondokea pale, sehemu hii nzima ya mwongozo itafutika. Kwa sasa mlango wetu ni Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam.

Kwa hiyo unakata safari vipande na kujumlisha. Kwa anga, Dodoma hadi Dar ni kilomita 390. Kutoka Dar kuna namna kadhaa. Air Tanzania imekuwa ikiruka Dar na Guangzhou kwa Boeing 787, ile tunayoiita Dreamliner: kilomita 8,710. Ukipitia Addis Ababa, Dar hadi Addis ni 1,760 na Addis hadi Guangzhou 8,040. Ukipitia Doha, ni 3,820 kisha 6,200.

Jumlisha kila njia pamoja na kile kipande cha Dodoma. Moja kwa moja kutoka Dar inakuwa kilomita 9,100. Kwa Addis, 10,190. Kwa Doha, 10,410. Tazama jinsi tofauti ilivyo ndogo kuliko unavyodhani: kuzungukia Doha kunaongeza kilomita 1,300 tu, ambazo ni saa moja na nusu hivi angani. Mzigo wa kupita mji wa tatu hauko kwenye kilomita. Uko kwenye kusubiri, na huo nitaufikia.

Hatua ya tatu: geuza kilomita kuwa saa

Gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa kwa kila mruko. Basi.

Hiyo 850 inatoka wapi? Ndege kubwa ya masafa marefu ikiwa juu huenda karibu kilomita 900 kwa saa, lakini njia haijanyooka kama uzi wa tikitimaji, kuna kona za kuepuka mawingu na anga zilizofungwa, kwa hiyo wastani unashuka. Nusu saa ni ya kutembea ardhini, kupanda na kushuka. Ndege ya propela kama Dash 8, inayokuja Dodoma, huenda kama kilomita 600 tu, ila kwa safari fupi hiyo haibadilishi sana: bado ni saa moja hivi hadi Dar.

Dar hadi Guangzhou moja kwa moja: 8,710 kugawa kwa 850 ni 10.25, ongeza nusu, unapata saa kumi na dakika arobaini na tano. Addis hadi Guangzhou: saa kumi kasoro dakika chache. Dar hadi Addis kanuni inasema saa mbili na dakika thelathini na tano, ratiba nyingi zitakuonyesha kidogo zaidi. Kwenye miruko mifupi kanuni hii hupunja dakika kumi au ishirini. Usigombane nayo.

Upepo nao una neno lake. Juu kule, kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ikikolea hupita kilomita 200 kwa saa. Ina nguvu zaidi mbali na ikweta, kaskazini na kusini. London na New York ziko kilomita 5,540 tu kutoka moja hadi nyingine. Kwenda New York ni kama saa nane, kurudi London ni kama saba. Njia ni ileile na ndege ni ileile. Safari ya Guangzhou nayo inaonja upepo huo kwenye kipande chake cha mwisho, kwa hiyo kwenda huwa kwepesi kidogo kuliko kurudi.

Hapo mama akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kwa hiyo basi la Dar na ndege ya China ni karibu sawa." Ukifikiri, hakukosea. Basi kutoka stendi ya Nanenane hadi Mbezi huchukua saa nane, tisa, siku nyingine zaidi. Ndege ya moja kwa moja inaongeza saa mbili tu juu ya hapo.

Hatua ya nne: soma tiketi kama inavyojisoma

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo fedha zinapopotea.

Tiketi hutumia saa 24, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Kiswahili kinaanza kuhesabu asubuhi. Kugeuza ni rahisi: toa sita. Kilichobaki kikizidi 12, toa 12 tena. Ukibaki na sifuri, soma kumi na mbili. Kama namba ya tiketi ni ndogo kuliko sita, badala ya kutoa, ongeza sita. Kwa hiyo 17:00 inakuwa saa kumi na moja, jioni. 23:50 inakuwa 17:50, toa 12, inabaki 5:50: saa sita kasoro dakika kumi, usiku. 02:15 inakuwa saa nane na robo, usiku.

Usiku wa lini? Hapo ndipo.

Shemeji yangu alipopata nafasi ya masomo nje, tiketi yake ilisema ndege inaondoka tarehe 9, saa 02:15. Sote tuliisoma. Tarehe 8 tukafanya karamu ya kumuaga, ndugu wakaja kutoka Kondoa na Mpwapwa, pilau likapikwa, wazee wakamwombea dua. Tarehe 9 asubuhi tukaondoka naye kwenda Dar, tukafika jioni kwa raha zetu, tukala, tukaingia uwanjani saa tano usiku. Dada wa kaunta akatazama karatasi, akatutazama sisi, akasema kwa upole: "Kaka, ndege hii imeondoka leo alfajiri." Wakati sisi tunakomba sufuria la pilau Dodoma, yeye alitakiwa awe ameshakabidhi mizigo.

Kosa lilikuwa letu. Kwetu sisi usiku ni wa siku moja mpaka kupambazuke. Mtu akisema "saa nane usiku wa tarehe 9" tunaelewa usiku unaofuata mchana wa tarehe 9. Kwa tiketi tarehe inabadilika saa sita usiku kamili. Kwa hiyo 02:15 ya tarehe 9 ni usiku wa kuamkia tarehe 9. Sema hivyo kila mara, kwa sauti, na uandike hivyo kwenye tiketi yenyewe kwa kalamu: "usiku wa kuamkia." Neno tunalo tayari katika lugha, tatizo ni kwamba tunalitumia kwenye taarifa za misiba na hatulitumii kwenye tiketi. Kisha rudi nyuma saa tatu za kufika uwanjani: 23:15 ya tarehe 8, saa tano na robo usiku. Ndege ya 02:15 tarehe 9 inakutaka uwepo uwanjani tarehe 8. Ikiwa unatoka Dodoma, unaondoka nyumbani tarehe 8 asubuhi. Kuondoka mchana ni kubahatisha.

Jua pia kwamba ukikosa mruko wa kwanza, mashirika mengi hufuta na iliyobaki kwenye tiketi hiyo, pamoja na ya kurudi. Usidhani utaidaka ndege ya pili Addis kwa njia zako.

Jambo la pili kwenye tiketi: kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Saa ya kuondoka Dar ni ya Dar, saa ya kufika Guangzhou ni ya Guangzhou. China nzima, na upana wake wote, hutumia saa moja, na iko mbele yetu kwa saa tano. Hapa kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kule ni saa saba mchana. Addis na Doha ziko sawa na sisi, Dubai iko mbele saa moja, India mbele saa mbili na nusu. London ina vituko: wao hurudisha na kusogeza saa kwa majira, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tunawatangulia saa mbili majira yao ya joto na saa tatu majira yao ya baridi.

Kwa safari ya mama tulitengeneza ratiba ya mfano, si ya shirika lolote. Kuondoka Dar 17:00, kutua Addis 19:45. Kuondoka Addis 23:50, kutua Guangzhou 14:30 kesho yake. Ukitoa 23:50 kwenye 14:30 ya kesho unapata saa kumi na nne na dakika arobaini. Mama akashtuka: si ulisema saa kumi? Toa zile tano za tofauti ya saa. Zinabaki tisa na dakika arobaini. Kanuni yetu ya 850 ilitupa kumi kasoro dakika tatu. Zikikaribiana hivyo, umeisoma tiketi sawasawa. Zikipishana kwa saa mbili au tatu, kuna kitu hukukiona: labda ndege inatua mahali kati, au umekosea tofauti ya saa.

Kurudi, udanganyifu unageuka. Tuseme unaondoka Guangzhou 13:00 na kutua Dar 19:15 siku hiyohiyo. Kwa macho ni saa sita na robo. Ongeza tano: saa kumi na moja na robo za kukaa kwenye kiti. Watu hubeba chakula cha saa sita wakashangaa miguu imevimba.

Ushauri wangu, na huu ndio nilioubandika kwenye pasipoti ya mama: chukua karatasi, andika safari nzima kwa saa za Dodoma peke yake, za Kiswahili, na pembeni saa za kule. Ukiwa na saa moja ya kuhesabia, hupotei. (Waethiopia, kwa taarifa yako, nao huhesabu saa tangu asubuhi kama sisi wakiwa mitaani kwao. Ila uwanjani Addis kila kitu ni saa 24, kwa hiyo usipumbazike ukisikia mfagizi anataja saa tatu.)

Hatua ya tano: kipande cha Dodoma na Dar

Kilomita 450 tu, lakini ndizo zinazoharibu safari za watu. Namna ni tatu.

Ndege ya ndani ni saa moja angani. Uzuri wake unakuja hasa ikiwa kwenye tiketi moja na ile ya kimataifa, kwa sababu ikichelewa, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, kuchelewa kwa ya kwanza ni shida yako peke yako. Ulizia pia kilo za mizigo: tiketi ya kimataifa inaweza kukuruhusu begi mbili na ile ya ndani ikakuruhusu moja, ukalipia la pili. Na ukumbuke mara nyingi ya ndani inakushusha Jengo la Pili la abiria wakati ya kimataifa inaondokea Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa 2019. Si mlango wa pili wa jengo moja, ni kwenda na begi hadi jengo lingine.

Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, ni kama saa tatu na nusu hadi nne. Kwa mtu wa Dodoma anayeunganisha ndege ya jioni au usiku, mimi naichagua hii. Uliza kama treni yako inasimama Pugu. Ikisimama, umeshuka upande uleule wa uwanja wa ndege na umeikwepa foleni ya katikati ya mji. Ikiwa haisimami, toka stesheni ya Dar weka saa nzima ya kufika uwanjani, na saa moja na nusu ikiwa ni jioni ya siku ya kazi.

Basi ni rahisi kwa nauli, ila linakushusha Mbezi, na Mbezi hadi uwanjani bado una safari. Ukienda kwa basi, lala Dar. Sina maneno mengi hapo.

Hatua ya sita: jumlisha kutoka mlangoni hadi mlangoni

Sasa twende na mama, kwa saa za Dodoma zote.

Anatoka nyumbani saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Tuseme treni inaondoka saa kumi na mbili. Dar saa nne asubuhi, uwanjani kabla ya saa sita, anakula, anapumzika, saa nane mchana anajipanga kwenye kaunta. Saa kumi na moja jioni anapaa. Saa mbili kasoro robo usiku yuko Addis. Anasubiri saa nne na dakika tano. Saa sita kasoro dakika kumi usiku anapaa tena. Saa tatu na nusu asubuhi, kwa saa ya Dodoma, anatua Guangzhou. Ukutani kule pamesomeka 14:30, saa nane na nusu mchana. Mstari wa Uhamiaji, mizigo, kisha gari kwenda mjini, maana Baiyun iko karibu kilomita thelathini nje ya mji. Anafika hotelini saa sita mchana ya Dodoma, saa kumi na moja jioni ya kule.

Kutoka saa kumi na moja kasoro robo alfajiri hadi saa sita mchana ya kesho yake ni saa thelathini na moja na robo. Angani alikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Zaidi ya nusu ya safari hakuwa anaruka popote.

Kwa hiyo ukitaka kufupisha, tafuta njia ya kupunguza kusubiri kabla hujahangaika na kilomita. Lakini usipunguze hadi mfupa. Kwenye tiketi moja, saa mbili hadi tatu na nusu za kuunganisha ndizo ninazozipenda. Dakika hamsini zinauzwa, na watu wanazinunua, na watu hao ndio unaowaona wakikimbia na watoto mgongoni. Kwenye tiketi mbili mbalimbali weka saa sita, au lala.

Angalia pia kalenda ya kule. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika tangu 1957, huwa mara mbili kwa mwaka: Aprili kuingia Mei, na Oktoba kuingia Novemba. Kama unayafuata, kata tiketi mapema sana. Kama hufuati, epuka wiki hizo, maana vyumba hupanda bei, hata mitaa ya Xiaobei ambako wafanyabiashara wengi kutoka Afrika hufikia.

Dawa na usingizi

Kama unatumia dawa za kila siku, za presha, sukari au nyingine, muulize daktari wako kabla ya safari namna ya kuhama saa. Vidonge vya kila baada ya saa kumi na mbili, ukifuata saa ya ukutani siku ya kufika, utameza viwili ndani ya saa saba. Ile karatasi yenye saa za Dodoma inasaidia hapa kuliko mahali pengine popote. Dawa ziwe kwenye begi la mkononi, si la chini.

Mwili huchukua karibu siku moja kuizoea kila saa ya tofauti, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kurudi, kwa sababu unatakiwa ulale kabla usingizi haujaja. Siku ya kwanza usinunue mzigo. Utakubali bei ambayo usingeikubali Kariakoo.

Kupiga simu nyumbani

WhatsApp na Google zimefungwa kwenye mitandao ya China. Pakua WeChat ukiwa bado Dodoma, umwekee na yule atakayebaki dukani, mjaribu kupigiana hapahapa sokoni. Ramani na picha ya anwani ya hoteli, kwa herufi za Kichina, zihifadhi kwenye simu kabla hujaondoka.

Mama alitaka kujua apige simu saa ngapi amkute binti yake anayebaki na meza. Tukahesabu: akitoka kuzunguka madukani, akaoga, ikawa saa tatu usiku ya kule, hapa Majengo ni saa kumi jioni, jua bado kali na wateja wa baada ya kazi hawajaanza kuja. Akaandika hiyo mwenyewe, chini ya karatasi, kwa mwandiko wake.

"Saa kumi ya huku," akasema. "Hiyo ya kule baki nayo wewe."